Yachemshe Vizuri

9 Februari

Mwanangu Kidebe,

Pokea salamu za shangazi yako aliyevimba miguu kwa kusimama. Mimi mzima, ila goti la kushoto siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Nisalimie kaka yangu, na umwambie baba yako huyo kwamba vidonge vya presha si pipi, havimezwi siku ukivikumbuka. Nimesikia kidonda chako cha upasuaji kinatoa usaha. Kionyeshe kwa watu wa zahanati, kidonda hakionewi haya.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu, nikitaja mtoto tu, mtandao wako unakatika. Mtandao gani huo unaochagua maneno ya kusikia? Karatasi haikatiki. Kwa bahati, dereva wa gari la chanjo anapita huko mara kadhaa kwa wiki na boksi la barafu. Ni mtu mwema, sisi wodini tunamwita Mzee Taratibu kwa kuwa anaendesha kama aliyepakia mayai. Amekubali kubeba maziwa yako pamoja na barua zetu.

Binti yako yupo. Ni mdogo, sikufichi, soksi ya baba yake ingemtosha blanketi. Yuko kwenye kisanduku cha joto, ana mrija puani na mashine inamsaidia kupumua. Lakini akilia, wodi nzima ya watoto njiti inamfuata, kwa hiyo manesi wamempa cheo cha Mwenyekiti.

Sasa nisikilize. Mimi ndiye ninayewafundisha kina mama wa hapa kukamua, usije ukasema hukupata mwalimu. Mtoto akiwa mbali, maziwa bado yatakuja, mradi uyaite. Ziwa ni kama mteja wa duka la baba yako: ukimfungia mlango siku mbili, anahamia kwa jirani. Kamua mchana, kamua usiku, kila unapodhani angekuwa amelia. Jikande kwanza kwa kitambaa cha maji ya moto, kisha bonyeza nyuma ya weusi wa titi, usivute chuchu. Siku ya kwanza utapata kijiko. Usikidharau, kwa tumbo la Mwenyekiti kijiko ni sinia. Makopo ya maziwa yachemshe vizuri, yaache yapoe, yafunike, ndipo umpe Mzee Taratibu.

Na uje. Kwangu pana kitanda, na kutoka mlangoni kwangu hadi wodini ni mwendo wa kumaliza kutafuna karanga za mkononi.

Shangazi yako


14 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu jikoni hadi Baba akauliza nimepewa nini cha kuvuta. Anakusalimu, anasema presha ni ugonjwa wa wenye nafasi ya kukaa chini. Anaendelea kugombana na yule ng'ombe mweusi, anayeipiga teke ndoo kila ikikaribia kujaa. Mume wangu yuko kwenye ujenzi, hurudi Jumamosi na saruji masikioni. Jirani ameezeka upya, bati linatupiga macho hadi ndani. Kuku wa mama mkwe amepotea, na mshukiwa ni mimi, kama kawaida.

Nimekamua. Nilidhani binti wa muuza maziwa atafanya kazi hiyo akiwa amefumba macho. Wapi! Nimekaa kwenye kigoda nyuma ya banda, nikalia, nikatukana, nikapata kifuniko cha kopo. Ng'ombe mweusi alikuwa ananitazama na naapa alifurahi. Siku ya tatu yakaja yenyewe, yakalowesha gauni hadi kiunoni, nikajiona tajiri. Yote nimeyafunga kama ulivyoelekeza.

Kuja, bado. Kidonda kinavuta nikikaa muda mrefu, na barabara yetu unaijua, inakutoa hata meno ya utotoni. Nikipata nafuu tutaona.

Waambie madaktari asante kwa kumshughulikia huyo mgonjwa.

Kidebe


2 Machi

Mwanangu,

Salamu kwenu nyote, na kwa kuku pia kama amerudi. Goti langu liko palepale, tumezoeana.

Habari njema kwanza. Mwenyekiti amevuliwa mashine, anapumua mwenyewe na anajivuna. Habari ya pili si njema sana: mizani imekataa kusogea. Anapata maziwa yako kwa mrija, hatapiki, anapata choo, lakini uzito uko palepale. Wenziwe waliozaliwa wiki ile ile wameanza kuota mashavu. Daktari anakuna kidevu, nami nakuna changu.

Nikupe picha ya chumba cha kukamulia, ujue hauko peke yako. Ni chumba chembamba chenye mabenchi mawili na pazia la buluu lililochoka. Kina mama huingia wamenuna. Kuna msusi mmoja, pacha wake wamelala kwenye visanduku viwili, anakamua huku akisimulia umbea wa saluni hadi maziwa ya wenzake yanamwagika kwa kicheko. Kuna mwalimu anayekamua kwa mkono mmoja na kusahihisha madaftari kwa mwingine, na wanafunzi wake siku hizi wanapata alama za huruma. Wapo pia wanaoambulia matone, na hao hukaa wakitazama ukuta. Mimi huwapa kitambaa alicholalia mtoto wakinuse. Harufu ya mtoto ni ufunguo, maziwa huyasikia. Nawe nimekuwekea chako ndani ya boksi, kwenye mfuko wa nailoni. Kinuse kabla ya kukamua.

Lakini kitambaa si mtoto, na harufu si kifua. Sasa anaweza kubebwa ngozi kwa ngozi, akalala juu ya moyo wa mama yake. Nimembeba mimi mara kadhaa, na ananivumilia tu. Anatafuta kwapa lisilokuwa langu.

Halafu nimeona umeandika "huyo mgonjwa". Mgonjwa ni mimi mwenye goti. Yeye ana baba, ana mama, na ana cheo. Zamani tulikuita Kidebe kwa kuwa debe haliachi kuvuma, na hata sasa unavuma: kuku, bati, saruji. Juu ya mwanao tu ndipo kimya. Kidebe, kuna nini?

Shangazi yako


10 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Huku salama. Kuku alirudi na vifaranga, nimesafishwa jina. Baba miguu imemvimba, kwa hiyo duka liko mikononi mwangu, na wateja wa asubuhi unawajua, ukichelewa kidogo wanakuombea mabaya. Ndiyo maana sijaweza kutoka. Kidonda kimefunga, namshukuru Mungu.

Mume wangu alikuja kumwona, utakuwa ulikutana naye. Aliporudi alikuwa ananukia sabuni ya hospitali. Alisema ana paji la uso kama langu. Nikasema haya, nikaenda kuosha makopo. Alinifuata hadi bombani, akasimama pale muda mrefu, kisha akaenda kulala.

Shangazi, nisikudanganye, kuna siku najiona sina faida hata ya chumvi. Wanawake wakija dukani hunitazama tumboni, kisha mikononi, kisha wanaomba nusu lita. Lakini makopo yakijaa, nikiyapanga kwenye boksi la Mzee Taratibu na barafu juu yake, hapo napumua. Angalau maziwa. Mengine yote nimeshindwa, lakini hilo hakuna atakayesema sikulifanya vizuri.

Yanatosha? Nikamue zaidi?

Kidebe


23 Machi

Mwanangu,

Salamu. Naandika nimesimama, utanisamehe mwandiko.

Yanatosha, na unafanya kazi kubwa. Ila utaratibu umebadilika hapa kwetu. Kuanzia wiki hii maziwa yasichemshwe kabisa, wala utando wa juu usitolewe. Yatoke kwenye titi yaingie moja kwa moja kwenye kopo safi, basi. Ni taratibu tu, hawa wakubwa hubadilisha kila wakiota ndoto.

Mwenyekiti hajambo kidogo. Salamu kwa kaka.

Shangazi


30 Machi

Shangazi,

Utaratibu huo umebadilishwa na nani?

Nimemuuliza nesi wa zahanati. Aliweka kalamu chini, akaniuliza ni wapi duniani mama aliwahi kuambiwa achemshe maziwa yake ya kifuani. Amesema moto unaua kinga iliyomo, na huo utando niliokuwa nauengua na kuutupa ndio mafuta, ndio uzito wenyewe. Kwa hiyo mizani ilikuwa inakataa kwa sababu hiyo? Mtoto alikuwa anashiba maji?

Barua yako ya tarehe tisa iko mbele yangu. Umeandika: "Makopo ya maziwa yachemshe vizuri." Mimi nilifuata ulivyoandika.

Mwanao


19 Aprili

Mwanangu Kidebe,

Makopo yanafika, barua hazifiki. Mzee Taratibu nikimuuliza umesema nini anajibu, "Kasema shika," na uso wake hautaki maswali. Maziwa unayoleta sasa ni mabichi, na yakitulia yanaweka utando mnene juu. Nashukuru kwamba hukuacha.

Nimekaa na maneno yako kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Nilimaanisha makopo. Uchemshe makopo matupu kuua vijidudu, yapoe, ndipo uyatie maziwa. Kichwani mwangu ilikuwa wazi kama mchana. Lakini makopo ni "ya" na maziwa ni "ya", na mimi niliandika haraka, chai mkononi, nikijiona mwalimu. Na nilikuwa namwandikia nani? Binti aliyelelewa katika nyumba ambayo maziwa hayakuvuka kizingiti bila kutokota! Bibi yako alitutandika mimi na baba yako kwa kuonja mabichi. Mtu yeyote mwingine angeelewa makopo. Wewe ungeelewa maziwa, na mimi ndiye niliyepaswa kulijua hilo.

Kosa la pili ni baya zaidi. Siku ile ya Machi nilifungua kopo lako, nikaona maziwa hayana utando, nikanusa, na harufu ikanirudisha jikoni kwa mama. Nikajua papo hapo. Badala ya kukuambia, nikatunga hadithi ya utaratibu mpya. Ulikuwa umeniandikia "angalau maziwa", nami sikuwa na moyo wa kukunyang'anya hicho kimoja. Nilidhani mazoea ya nyumbani ndiyo yaliyokuponza, na nikakulinda kwa uongo. Kumbe niliyekuponza ni mimi.

La tatu, na hili nalo nilikuficha. Katikati ya Machi Mwenyekiti alipata maambukizi kwenye damu. Alipauka, akasahau kupumua, tukawa tunamfinya nyayo akumbuke. Amepona. Labda maziwa mabichi yangemkinga, labda yasingemkinga, daktari hawezi kuapa. Mimi siwezi kulala.

Nimekwenda kwa Sista mkuu nikamweleza kwamba maelekezo yangu ndiyo yaliyoharibu maziwa ya mtoto wa wodi yake. Hakupandisha sauti, na heri angepandisha. Wameniondoa chumba cha kukamulia mpaka watakapoamua. Sasa niko kwa dobi, nakunja mashuka. Msusi alinifuata hadi huku kuniuliza kwa nini, nikamwambia nimechoka kusikia umbea wake.

Mizani imeanza kusogea. Anaweka mashavu, kidogo kidogo, kama mtu anayeogopa kuulizwa kayatoa wapi.

Nichukie, ni haki yako. Lakini njoo. Adhabu ni yangu, asiitumikie mtoto.

Shangazi yako


8 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Baba hajambo, sasa anameza vidonge kila siku, nimemwachia mume wangu amsimamie. Duka analishika mama mkwe, na wateja wanamwogopa, hakuna anayekopa. Hizo ndizo salamu. Zingine sina.

Barua hii utaletewa na mlinzi. Mimi niko hapa hospitalini kwenu, kwenye benchi la nje ya chumba cha kukamulia. Nimefika juzi na Mzee Taratibu, boksi la barafu mapajani, na nimelala kwa yule msusi wa barua yako, aliyenikuta hapa benchini. Jana nilikuona kwa dobi kupitia dirishani. Ulikunja shuka, ukashika goti, ukakunja lingine. Nikajificha nyuma ya nguzo. Mtu mzima, mama wa mtu, najibanza nyuma ya nguzo nisionwe na shangazi yangu.

Nilijua ni makopo.

Soma tena hapo juu, sijakosea kuandika. Tangu siku nilipoipata barua yako nilijua unasema makopo. Nimekua nikiosha makopo, Shangazi, nani angenifundisha kwamba kopo huchemshwa kabla ya kutiwa maziwa? Niliyachemsha. Kisha nikayakamua maziwa, nikayatazama, nikayachemsha nayo.

Siku ile uchungu uliponishika nilikuwa nimebeba debe. Wewe ulinikataza kwa simu, daktari alinikataza, Baba alipiga kelele kutoka uani. Nikasema ni debe moja tu. Kabla jua halijazama mtoto alikuwa nje. Walipomleta karibu na kitanda changu nimwone kabla ya gari la wagonjwa kuondoka, niligeukia ukutani. Nesi akasema, "Mama, mguse tu kidole." Nikafumba macho mpaka niliposikia mlango. Halafu kidonda kikaanza kutoa usaha, nikasema basi, huu ndio mwili wangu, umeoza. Mwili uliomtupa mtoto kabla ya siku zake utatoa maziwa ya namna gani? Kwetu kitu tukikitilia shaka tunakichemsha. Nilikichemsha, nikakichemsha tena, nikaengua kila kilichoelea juu. Kila nilichotupa nilijiambia ni uchafu wangu. Kitambaa ulichonitumia sikukifungua, niliogopa kukichafua.

Nesi wa zahanati alinieleza yote. Nikarudi nyumbani nikatafuta barua zako zote, nasaka pa kukimbilia, nikaikuta ile sentensi. Ilikuwa mlango. Nikatoka mimi, nikakufungia wewe ndani.

Na barua yako ya Aprili ilipofika, ukajilaumu hata kwa yasiyokuhusu, unajua nilifanya nini? Nilipata usingizi. Usiku ule nililala fofofo, mara ya kwanza tangu nijifungue, kwa kuwa mzigo ulikuwa kwako. Nilikuacha nao. Kila asubuhi nilisema leo nitaandika, kisha nikakamua, nikafunga kopo, nikampa Mzee Taratibu bila neno. Wewe ukisimama kwa dobi na goti lako, mimi nalala.

Jana mchana nimeingia kwa Sista mkuu, nikamweleza kama nilivyokueleza hapa. Alivua miwani, akaniuliza, "Kwa hiyo ile sentensi haikuwa na kosa?" Nikamwambia ilikuwa na kosa, ila silo lililomdhuru mtoto wangu, aliyemdhuru ni mimi. Aliandika kitu. Kisha akasema utarudi kwa kina mama wako Jumatatu, lakini uandike "makopo matupu" ukutani kwa herufi kubwa. Akasimama, akanifungulia mlango, nikadhani ananifukuza, kumbe ananiongoza wodini.

Nimemwona. Hilo paji la uso ni langu kweli, masikini. Walinifungua vifungo wakamlaza kifuani, na alikuwa mwepesi hata nikaogopa kupumua. Nilimwambia kila kitu, debe, ukuta, sufuria. Hakusikiliza. Alikuwa anahangaika na kichwa chake, anatafuta, anakosea, anapiga pua, mpaka akapata. Nesi alisema huwa hawajui kunyonya vizuri siku ya kwanza. Alinyonya kidogo, akachoka, akalala hapohapo mdomo wazi, na maziwa yakaendelea kutoka yenyewe, yakamtiririkia shingoni. Nilitaka kuyafuta upesi. Mkono ulikuwa umeshachukua kitambaa. Nikauzuia.

Kesho asubuhi nitakuja kwa dobi. Najua utakavyofanya, utaniambia "pole mwanangu" kabla sijafika mlangoni, na utanitafutia kiti. Shangazi, nakuomba, usinisamehe haraka. Nigombeze kwanza.

Mama Mwenyekiti